Nilivyomwona Mjusi wa Tendaguru

Mtu wa Lindi akisikia Berlin, linalomjia kwanza si ule ukuta. Ni mjusi, yaani mifupa ya dinosaria mkubwa. Tumekua tukisikia habari zake: alichimbwa kwenye kilima cha Tendaguru mkoani kwetu, Wajerumani wakamchukua, sasa amesimamishwa huko kwao na watu wanalipa kiingilio kumwona. Wabunge wetu wamemuulizia bungeni zaidi ya mara moja, na majibu yamekuwa yakirudi kwenye gharama ya kumrejesha na utaalamu wa kumtunza. Nyumbani kwetu habari hizo zilikuwa na nyongeza. Bibi mzaa mama, mwenyeji wa Mipingo, alikuwa akisema baba yake alibeba mifupa ile kichwani hadi Lindi mjini, na kwamba aliifikisha bandarini bila kuambiwa ilikuwa ya mnyama gani.

Nafundisha historia sekondari. Novemba 2024 nilipata nafasi ya kuhudhuria mafunzo mafupi ya walimu jijini Berlin, na tangu siku nilipopewa barua ya mwaliko nilijua saa zangu za mapumziko nitazitumia wapi.

Siku ya kwanza jiji halikunipendeza. Saa kumi na nusu jioni giza lilikuwa limeshaingia, baridi inapenya hadi kwenye vidole vya miguu, na watu wanapita bila salamu. Kwenye lifti ya nyumba tuliyofikia nilikuwa nasalimia kila anayeingia, na wengi waliitika kwa kutikisa kichwa tu. Niliona pia mzee mmoja, kavaa koti safi, akipekua mapipa ya taka stesheni kutafuta chupa. Nikaelezwa kwamba chupa ya plastiki ukiirudisha dukani unapewa senti 25, na wapo wastaafu wanaoongezea riziki kwa njia hiyo. Jambo hilo lilinihuzunisha sana. Sikutegemea kuliona katika nchi tajiri kiasi kile.

Baadaye nikaanza kuona mengine. Vituo vya treni za chini ya ardhi havina geti wala mtu wa kukagua mlangoni. Unakata tiketi, unaigonga muhuri kwenye kimashine, unapanda. Wakaguzi wapo, wanavaa kiraia na kujitokeza ghafla, lakini siku nzima inakwenda kwa kuaminiana. Watoto wadogo wa shule wanapanda treni peke yao na mabegi mgongoni. Dereva wa basi alishuka kwenye kiti chake, akafungua kibao cha mlangoni ili mama mmoja apite na kiti chake cha magurudumu, na abiria wote wakasubiri bila mtu kuguna. Hayo niliyapenda kwa moyo wote, na natamani tungekuwa nayo.

Kumwona mjusi nilikwenda na mwalimu mwenzangu kutoka Mombasa. Tulipanda treni ya U6 hadi kituo cha Naturkundemuseum, tukatembea kidogo kwenye mtaa wa Invalidenstraße, tukaingia makumbusho. Hakuna kutafuta. Ukivuka mlango wa ukumbi wa kwanza yuko mbele yako.

Nimeshamfundisha mara nyingi. Najua kwamba wataalamu wanamwita Giraffatitan, kwamba aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, kwamba kichwa chake kiko mita 13.27 kutoka sakafuni na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa inayofika juu zaidi ya yake duniani. Tarakimu hizo hazikunisaidia kitu. Niliinua macho kuifuata shingo, ikapanda, ikaendelea kupanda hadi karibu na paa la vioo, na nilipofika kichwani nilikuta machozi yananitoka. Mfupa mmoja tu wa mguu wake wa mbele ni mrefu kuniliko. Pembeni yake wamesimama wengine wa kwetu, akiwemo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni. Watoto wa shule walikuwa wamekaa sakafuni wakimchora, na mwalimu wao akiwaeleza kwa sauti ya chini. Nikasoma kibao: Tendaguru, Tansania. Fahari ilinijaa kifuani, na papo hapo ikaja hasira. Sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo, na hadi leo sijaweza.

Hasira yangu ina tarehe. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 na kumalizika 1907. Jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula kote kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kuna makadirio yanayofikisha idadi ya waliokufa 300,000. Msafara wa kuchimba mifupa, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulifika Tendaguru 1909. Miaka miwili tu baadaye! Watu waliokwenda kuchimba na kubeba walikuwa ndio hao walionusurika, wanaotafuta ujira ili wale. Hadi 1913 walikuwa wamebeba vichwani na mabegani zaidi ya tani 220 za mifupa na mawe yaliyoishika, safari ya siku kadhaa kwa miguu kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, kisha wakageuka kufuata mzigo mwingine. Hakukuwa na barabara ya gari, wala punda asingedumu kwenye mbung'o. Yule mnyama aliyesimama ukumbini alipita, kipande kwa kipande, juu ya shingo za watu.

Jina lililovuka zaidi kutoka upande wetu ni la Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi ambaye macho yake yaliutambua mfupa kabla ya wengine kuona chochote. Mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Nilifurahi, lakini wapagazi walikuwa mamia. Nilimtafuta pale baba yake bibi nikijua wazi simpati.

Mwenzangu alinisubiri kwa subira. Tulipotoka akasema, "Dada, mimi ningekuwa mtu wa Lindi ningetaka mnyama wangu arudi hata kesho."

"Na tumweke wapi, mwalimu?"

"Mjenge. Kwani wao walizaliwa na hilo jumba?"

Hatukukubaliana. Nilimwambia mifupa ile ni dhaifu, na kwamba mtoto wa Berlin anayemchora mnyama wa Lindi hanikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni mtoto wa Lindi asiyemwona kabisa. Yeye akasema hiyo ndiyo sababu hasa ya kumrudisha. Bado naona alikuwa na hoja nzito, ingawa nilimbishia njia nzima.

Tuliifuata Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi inapokutana na Brunnenstraße, tukapinda kulia. Mwezeshaji wetu alikuwa ametuelekeza tutafute nyumba namba 193. Mbele ya mlango wake, kati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu, kuna kijibamba cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi. Vipo vya namna hiyo maelfu jijini, kila kimoja kina jina la mtu aliyeishi hapo akateswa au kuuawa na Wanazi, wengi wao Wayahudi. Hiki ni cha Mswahili. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam 1904.

Habari zake zinaniuma kila ninapozisimulia. Alikuwa bado mtoto alipoingia kwenye jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo hawakulipwa, wakamkatalia. Akabaki. Akawa mhudumu wa mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa Mjerumani, akacheza sehemu ndogondogo kwenye filamu nyingi. Mojawapo ya filamu zake za mwisho, ya 1941, ilitengenezwa kumtukuza Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha ukoloni huku kwetu, yule ambaye wazee wetu walimpa jina la Mkono wa Damu. Mwaka huohuo akakamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944. Sisi tulisimama pale Novemba, miaka 80 kamili. Mwenzangu aliinamisha kichwa akasoma Fatiha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama, akaangalia chini tunapoangalia, akakaa nasi dakika kadhaa bila kusema lolote. Hapo ndipo nilipoanza kulisamehe jiji kwa zile salamu.

Jumapili mama mmoja mzaliwa wa Tanga, aliyeishi Berlin tangu ujana wake, alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake, kwenye kitongoji cha Wedding. Nilimpa shikamoo mlangoni, akaniitikia marahaba huku akinivua koti kama mtoto. Alitupikia wali wa nazi na samaki, akaeleza bei aliyonunulia samaki kwa uchungu wa mtu wa pwani. Mtaa wao unaitwa Mtaa wa Kiafrika: kuna Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, majina waliyoyabandika kwa kujivunia makoloni yao.

Baada ya kula akatutoa kwenda kuona barabara iliyoitwa Petersallee, kwa jina la Carl Peters huyohuyo, tangu utawala wa Wanazi. Mwaka 1986 halmashauri ilisema jina libaki lakini sasa limaanishe Peters mwingine, mwanasiasa wa Berlin. Wanaharakati, wakiwemo Watanzania na Wanamibia, hawakukubali, wakapambana miaka mingi. Agosti 2024 vibao vikabadilishwa. Sehemu moja imekuwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia, na nyingine Maji-Maji-Allee.

"Mwanangu, mimi nilikuwa sipiti hapa," mama alisema. "Nilikuwa nazunguka kule chini hata kama nina mzigo. Sasa napita."

Tukaipita yote pamoja naye, taratibu, kwa sababu ya magoti yake.

Siku hiyohiyo usiku nilielewa ninachokitaka, na hakihusu Berlin peke yake. Jiji lile lina mtu anayeinama na kuandika jina la aliyeuawa mbele ya mlango wake. Limechelewa sana kwa upande wetu, na limefanya machache, lakini jinsi ya kufanya linaijua. Sisi Lindi hatuna hata ukuta wenye majina ya wapagazi wa Tendaguru. Hilo hatuzuiwi na mtu. Serikali na waendelee kudai, na mimi sasa nadai pamoja nao: nakala nzuri ya mjusi Lindi mjini, jumba la kumwekea, vijana wetu wasomeshwe kazi ya visukuku. Ila majina hayasubiri. Wajukuu wa wapagazi wenyewe wamezeeka.

Niliporudi niliwaonyesha kidato cha tatu picha, kisha nikawapa kazi ya likizo: waulize kwao nani alibeba. Wengi walirudi mikono mitupu. Wachache walirudi na majina, na mengine yalikuja na kijiji, na moja lilikuja na habari kwamba mtu huyo alianguka njiani na hakufika bandarini. Yote nimeyaandika kwenye daftari gumu, na nimeanza kupita Mipingo na Mchinga siku za Jumamosi kuyahakiki kwa wazee. Mwenye babu au bibi kule anayekumbuka hata jina la kwanza tu, amuulize wiki hii, aliandike, asingoje sikukuu.