Noti za tarumbeta zilikuwa zinakatika, fidla ikanipa dawa

Wapiga tarumbeta wenzangu, kama noti zenu zinakatikakatika mnapoziunganisha, hasa zikipanda juu, jaribuni hili. Nilibadilisha mdomo wa tarumbeta, nikatia mafuta vali (vile vitufe tunavyobonyeza kwa vidole), nikavuta pumzi kubwa zaidi. Wapi! Dawa niliipata nikimtazama mpiga fidla wa taarab: vidole vinarukaruka, lakini upinde unateleza bila kusita. Upinde wetu sisi ni pumzi! Nikaweka tarumbeta chini, nikapuliza kiganja cha kushoto huku vidole vya kulia vikicheza kana kwamba viko kwenye vali. Kiganja hakidanganyi: hewa ilisita kila kidole kiliposhuka. Nikarudia taratibu mpaka upepo ukawa mmoja, ndipo nikashika tarumbeta. Noti zimeungana kabisa! Anzeni na noti mbili tu, kiganja kikiwa karibu na midomo.