Toyota Corolla DX yangu, injini ya 4K: plagi za silinda ya 2 na ya 3

Plagi zote nne ziko mezani, zimepangwa kwa namba za silinda. Ya 1 na ya 4 ni kahawia hafifu, safi. Ya 2 na ya 3 ndizo zilizonishtua. Kauri yake nyeupe imenyunyiziwa vidoa vyeusi kama pilipili manga, na nikitazama kwa kioo cha kukuzia naona vitone vinavyong'aa. Ni alumini. Imeyeyuka juu ya pistoni ikarukia plagi. Ile ya 3 ina pia ufa mwembamba kwenye ncha ya kauri, kwa hiyo hairudi.

Injini ikiwa sawa, cheche huruka pistoni inapokaribia juu, moto ukatambaa kutoka kwenye plagi hadi pembeni mwa silinda. Injini inapogonga (knock), petroli na hewa iliyobaki pembeni inabanwa na kupata joto hadi inajilipukia yenyewe kabla moto haujaifikia. Mgandamizo unaruka ghafla, na hapo ndipo unaposikia kri-kri-kri ukipanda mlima. Mlio wenyewe si tatizo kubwa. Kinachoumiza ni mawimbi ya mgandamizo huo kufagia utando mwembamba wa gesi ya joto la chini unaokinga pistoni na plagi. Utando ukiondoka, joto lote linaingia kwenye metali.

Gari hili limekaa Nairobi miaka mingi na taimingi yake, yaani wakati wa cheche kupiga, iliwekwa huko, mbele kidogo (cheche inapiga mapema). Kwenye mita 1,700 hivi, hewa ina mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko pwani, kwa hiyo silinda haijai sana na injini inavumilia. Sasa liko Mombasa. Silinda inajaa, joto la pwani linaongezeka juu yake, na 4K haina sensa wala kompyuta ya kuirudisha taimingi nyuma. Ilikuwa inalia kila nikipanda kutoka Mazeras kwenda Mariakani kwa gia ya nne.

Jumamosi: nilichomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta (kigawa cheche), nikauziba, nikapiga taa ya taimingi. Iko mbele kweli. Springi za ndani ya distribyuta ni nzima. Nimeirudisha ilivyo kwenye kitabu.

Wengi wananiambia niweke plagi baridi zaidi, yaani zinazopoza ncha yake haraka. Sikubali. Plagi baridi inasaidia pale ncha yenyewe inapowaka na kuwasha petroli kabla ya cheche. Haizuii petroli inayojilipukia pembeni. Na ukizibadilisha, angalia namba: kwa NGK na Denso namba kubwa ni baridi zaidi, kwa Bosch na Champion ni kinyume. Nimefunga mpya nne za kiwango kilekile cha joto.

Kamera ya waya kupitia tundu la plagi inaonyesha vishimo vidogo ukingoni mwa pistoni ya 3. Kompresheni yake bado inalingana na wenzake, hivyo hedi (kifuniko cha silinda) haifunguliwi kwa sasa. Nitazifungua plagi tena tangi hili la petroli likiisha.