Meza ya treni iliyopinda

Shemeji aliporudi likizo kutoka Ujerumani alimletea mwanangu seti ya treni ndogo ya umeme, ya kipimo cha HO. Kila kitu kimepunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5 tu. Mtoto aliichezea sakafuni wiki mbili akaichoka. Aliyenasa ni baba.

Nikaamua kuijengea meza. Nilinunua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene milimita 12, na mbao za paini, mbili kwa mbili, mbichi hata ukizishika mkono unahisi ubaridi. Nililiona hilo, ila haraka ilinizidi. Jumamosi moja nikagonga fremu nzima kwa misumari.

Baada ya miezi miwili hivi, kichwa cha treni kikaanza kuacha njia, kila mzunguko palepale kwenye kona ya dirishani. Nikasafisha magurudumu, nikabadilisha vipande vya reli, nikampigia shemeji simu kumlaumu. Siku nilipoweka pima maji ndipo nikanyamaza: kona ile ilikuwa imenyanyuka karibu sentimita moja.

Nilimpelekea kipande fundi mmoja mzee wa Keko. Baada ya shikamoo alikigeuza, akakinusa, akacheka. “Mwanangu, mbao bado inatoka jasho, wewe umeshaivalisha koti.”

Nikaanza upya. Mbao mpya, moja kwa nne, nilizipanga barazani kivulini, kila safu nikiitenga na nyingine kwa vijiti ili upepo upite. Zilikaa miezi mitatu, na mke wangu akazivumilia. Safari hii nilizisimamisha kwa ubavu, maana ubao uliosimama haubonyei kama uliolala, na nikatumia skrubu na gundi. Vipande vya kukatiza fremu niliviweka kila sentimita 40.

Meza nzima isingekata kona ya korido, kwa hiyo niliigawa mbili na kuziunga kwa bolti. Hapo ndipo penye kazi. Reli zikipishana hata nusu milimita kwenye mpasuo, behewa linaruka. Nilihangaika kuzilinganisha kwa jicho, wapi! Kilichosaidia ni kufanya kinyume: nilifunga meza kwanza, nikaweka vijiti viwili vya mninga kwenye matundu ya fremu ili nusu mbili za meza zisicheze, kisha nikapitisha reli nzima juu ya mpasuo. Kila upande nilizamisha skrubu za shaba chini ya reli na kuzilehemu na reli kwa risasi. Mwisho nikaikata reli kwa msumeno mwembamba juu ya mpasuo wenyewe. Meza ikifunguliwa na kufungwa, ncha zinarudi zilipokuwa.

Treni inapita bila kuruka. Ila juzi nimeona njia ya udongo ya mchwa kwenye mguu mmoja, nikaipaka oili chafu. Chumba kizima sasa kinanuka gereji.