Jiji Linakula Usiku, Wanangu Wanalala Saa Mbili

Tumerudi jana. Mabegi bado yako mlangoni, nguo hazijafuliwa, na kitindamimba wangu, mwenye miaka 3, amelala fofofo akiwa amekumbatia kiatu kimoja cha safari. Naandika kabla sijasahau.

Jiji tulilokwenda linapenda kula, na linakula usiku. Majiko huwashwa jua likizama, na mitaa huchangamka hasa kuanzia saa tatu usiku. Huyu mdogo amezoea kula saa kumi na mbili jioni na saa mbili yuko kitandani. Nililijua hilo, na bado usiku wa kwanza nikawaburuta wote hadi mtaa wa vyakula, kwa sababu mimi nilikuwa nautamani. Foleni ndefu, moshi, muziki juu. Sahani zilipofika, mdogo alikuwa analia kwa kwikwi na dada yake, mwenye miaka 8, ameegemeza kichwa mezani. Tukafungiwa chakula, tukarudi kwa miguu huku tunambeba mmoja na kumkokota mwingine. Tulipokumbuka kile kifuko kilikuwa kimekaa zaidi ya saa mbili kwenye joto, na nyama iliyopikwa ikikaa nje muda huo vijidudu huanza kuzaana. Nikakitupa. Usiku ule niliumia kweli, maana watoto walikuwa wamelipia hamu yangu.

Kesho yake tukaipindua siku. Mlo mkubwa tukaufanya wa mchana, na badala ya mtaa wa usiku tukaenda sokoni asubuhi. Kama kuna jambo moja ningemwambia mzazi mwenzangu ni hili: soko la asubuhi. Wauzaji hawajachoka na wana muda wa kumwinamia mtoto. Kila mtoto tulimpa kazi ya kuchagua tunda moja asilolijua. Mdogo alichagua, akalinusa, akakataa kulionja. Sikumlazimisha. Watoto wa umri wake wengi hukataa chakula kigeni, na huenda wakahitaji kukiona na kukionja mara kumi au zaidi kabla hawajakikubali. Nilikuwa namwekea kipande kidogo kando ya mkate anaoupenda, basi. Siku ya nne alinyoosha mkono mwenyewe, akala, akaomba kingine. Baba yao na mimi tulitazamana bila kusema neno.

Mkubwa ana mzio wa karanga, na hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima kabla ya safari. Tuliandikiwa kadi kwa lugha ya jiji lile na mtu anayeijua vizuri: mtoto huyu akila karanga, au chakula kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyopitiwa na karanga, anaweza kupoteza maisha. Hayo maneno ya mafuta ni muhimu. Mpishi anaweza kukuapia kwamba hajatia karanga, naye anasema kweli, kumbe kikaango ni kimoja. Sindano zake za dharura zilikuwa mbili, kwenye begi langu, si hotelini. Kwenye kibanda kimoja mama mpishi aliisoma kadi polepole, akatazama kikaango chake, akatikisa kichwa. Akatoka nyuma ya jiko, akamshika binti yangu mkono na kumpeleka kwa jirani yake anayechemsha tu. Alipoteza wateja wanne papo hapo. Sijui jina lake, na namwombea.

Kuhusu tumbo, tulikula palipo na foleni ya wenyeji na chakula kinachoivishwa mbele ya macho, kikitoka na mvuke. Barafu tuliiacha, maana hujui maji yake yametoka wapi. Pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji zilikuwa kwenye begi kila siku, kwa sababu mtoto akiharisha hukaukiwa upesi kuliko mtu mzima: mdomo mkavu, analia bila machozi, mkojo unapungua. Zabibu tulimpasulia mdogo kwa urefu, vipande vinne, asije akapaliwa.

Halafu ile siku ya tatu. Nilimwachia mkubwa mkono nitoe pesa, nilipogeuka hayupo. Dakika chache tu, lakini magoti yangu yanazikumbuka. Kila asubuhi tulikuwa tunawapiga picha na nguo walizovaa, na namba yangu ya simu tuliiandika mkononi mwao kwa kalamu. Tulikuwa tumewafundisha pia kwamba ukipotea usitembee, simama hapo hapo, na ukitaka msaada mtafute mama mwenye watoto. Simu ikaita kabla sijamwonyesha mtu ile picha. Nilimkuta amesimama kando ya meza ya mboga, pembeni ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mkono ameunyoosha mbele ili namba isomeke vizuri.

Jioni hii amenifuata jikoni kuulizia kadi yake. Nimeitoa mfukoni mwa suruali ina madoa ya mafuta na imekunjika pembe. Nilitaka kuandika nyingine safi, akakataa. Anaitaka hiyo hiyo aliyoisoma yule mama.