Nilivyoiosha printa mpaka wino ukaisha

Nikiri mapema tu, printa yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Sikuidondosha wala haikupigwa na umeme, niliiua kwa kuisafisha, na najua kuna mtu sahizi yuko mbele ya kompyuta anabonyeza ile amri ya kusafisha hedi, yaani kile kichwa kinachotema wino kwenye karatasi, kwa mara ya sita, huyo ndo namwandikia.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alikuwa na sendofu, kamati ikanitupia kazi ya kadi za michango kwa vile "wewe si una printa nyumbani". Ninayo kweli, hizi za matangi, wino unamimina mwenyewe kutoka kwenye chupa. Ila ilikuwa imekaa miezi miwili na zaidi haijaguswa, watoto wako likizo, ipo juu ya kabati sebuleni imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama TV ya bibi. Nikawasha. Kadi ya kwanza nyeusi haijatoka kabisa, pinki imekatikakatika, jina la bibi harusi linasomeka nusu.

Nikasafisha hedi, nikaprinti, bado. Nikasafisha tena, bado. Jamani mpaka saa tano usiku nilishafika mara ya nane sijui ya tisa, nachungulia tangi la bluu naona linashuka na hakuna hata kadi moja ya maana niliyotoa, halafu ghafla taa zote zikaanza kupepesa na kwenye kompyuta ujumbe unasema pedi za wino zimefika mwisho wa matumizi. Pedi gani tena? Kesho yake nikaenda kuprinti steshenari kama watu wengine.

Printa nikaibeba Kariakoo kwa fundi. Akafungua pembeni kule chini akatoa masponji, yalitakiwa yawe meupe, yangu yalikuwa yamelowa tope zito jeusi, akiyabonyeza kidogo tu yanachuruzika. "Dada, wino wako wote ndo huu hapa." Kumbe kila ukisafisha hedi kuna pampu ndogo inavuta wino kupitia vile vitundu vya hedi vinavyotoa wino, na wino huo haurudi kwenye tangi, unamwagwa kwenye masponji. Printa yenyewe haioni kama sponji limelowa, inahesabu tu, hesabu ikifika kikomo inagoma. Wapo wanaofuta ile hesabu kwa programu bila kubadilisha sponji, inafanya kazi vizuri tu, mpaka siku unanyanyua printa unakuta meza ina ramani ya bluu. Siku hizi baadhi ya printa zina kiboksi cha hayo masponji unachomoa na kuweka kipya mwenyewe, ukinunua nyingine kiulizie hicho kwanza kabla ya kuuliza kama ina waifai.

Halafu akaniuliza, unaizimaje? Nikamwambia ukutani, kwenye swichi ya soketi, si ndo tunavyozima kila kitu LUKU isikimbie. Alicheka huyo kaka! Akanionyesha pale kulia ndani kuna kifuniko cha mpira, ukizima kwa kitufe cha printa yenyewe hedi inarudi inakaa juu ya kile kifuniko, vitundu vinazibwa visikauke. Ukikata umeme ukutani hedi ikiwa njiani, vitundu vinabaki wazi wiki nzima, na vile vitundu ni vyembamba kuliko unywele, wino ukikaukia humo basi. Kwa hiyo hata umeme wenyewe ukikatika ukiwa katikati ya kuprinti, ukirudi washa, iache itulie, ndo uzime kwa kitufe.

Hedi yangu haikupona. Bei ya mpya ilikaribia printa nzima, nikanunua nyingine.

Hii ya sasa nina adabu nayo. Ikitoka na mistari nachapa kwanza ile karatasi ya kupima vitundu, yenye vimistari kama ngazi vya kila rangi, naona ni rangi gani imekatika. Nasafisha mara moja, nikiona haijakaa sawa mara ya pili, halafu naizima naiacha mpaka asubuhi. Huo usiku unasaidia kuliko kusafisha mara tano mfululizo, wino mkavu unalainika wenyewe na viputo vya hewa vinapanda. Ikibaki vilevile ndo naisafisha kwa mkono: nawasha, hedi ikiondoka pale kulia nachomoa waya, sasa inasogea kwa kidole taratibu. Kile kifuniko cha mpira nakipangusa kwa kijiti cha pamba, na ile ulimi ya mpira pembeni yake inayofuta hedi, utashangaa kilivyoganda hapo kitu kama ugoro na nywele za paka. Nadondoshea matone machache ya maji kwenye sponji la kifuniko, narudisha hedi juu yake, inalala hivohivo.

Maji yenyewe yasiwe ya bomba, yana chumvi. Mi natumia yale ya kuongezea betri ya gari yaliyosafishwa, ila ukifika dukani sema vizuri, ukisema tu "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Nilikaribia.

Kuna ule mkanda wa plastiki mwembamba unaopita mbele ya hedi, unaonekana kama uchafu tu, usiuvute! Una vimistari ambavyo printa inasoma kujua hedi iko wapi. Nilishaushika na vidole vya mafuta ya maandazi, hedi ikaanza kujigonga ukutani taa! taa! nikadhani imekufa na hii. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ukapona. Roli za kuvutia karatasi nazo hivohivo, na karatasi zisikae wazi, kwa unyevu wa Dar zinanyonya zinajikunja zinakwama.

Wenye katriji ambazo hedi iko kwenye katriji yenyewe nyie mna nafuu, mkishindwa mnanunua katriji mnapata na hedi mpya, ingawa kwa bei ile sijui kama ni nafuu.

Jumapili baada ya kanisa mwanangu ana ruhusa ya kuprinti picha moja ya rangi, yoyote, ili wino utembee. Ukuta wa chumba chake umejaa malori. Jana kachagua treni ya SGR, pinki imetoka na kamstari kamoja keupe katikati ya behewa, nimesafisha mara moja nikaizima kwa kitufe, asubuhi hii bado sijaiwasha.