Kangaja Anayekula Huku Akikonda

Kangaja wangu, samaki wa mapambo wa baharini, alifika nyumbani mwezi Februari ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, mwili wake wa samawati uking'aa na pezi lake la manjano la mgongoni likiwa limesimama, na kwa siku kumi za kwanza sikuwa na wasiwasi naye kwa sababu alikula kila nilichompa. Siku ya kumi na moja nilimtazama kwa mbele badala ya ubavuni, nikaona kwamba tumbo lake limeingia ndani na kwamba nyama ya juu ya macho, ambayo kwa samaki mzima huwa imejaa, imebonyea. Nyuma yake ulining'inia uzi mrefu mweupe, ilhali kinyesi cha kangaja aliyeshiba mwani huwa cha kijani kibichi au cha rangi nyeusi. Alikuwa mlaji kuliko wenzake wote tangini, naye ndiye aliyekuwa akikonda.

Samaki huyu, ambaye wanasayansi humwita Acanthurus leucosternon, ni wa Bahari ya Hindi. Hupatikana kwenye matumbawe kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Bahari ya Andaman, na wazamiaji wa pwani ya Kenya humkamata kwa ajili ya biashara ya samaki wa mapambo. Akiwa mwambani anaweza kuishi na vimelea vichache utumboni bila kudhurika sana. Mambo hubadilika anapokamatwa, akashindishwa njaa, akasongamana na wenzake katika matangi ya wauzaji, akala vipande vya chakula vilivyochanganyika na kinyesi cha jirani yake. Mwili unachoka, na vimelea vilivyokuwa wachache vinakuwa maelfu.

Nilikuwa na sababu ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Mwaka 2021 nilimpoteza kitatange mmoja aliyekuwa na dalili zizi hizi. Niliambiwa nitie metronidazole kwenye maji, nikafanya hivyo kwa uaminifu kwa siku nyingi, na alipokufa nilimpasua kwenye meza ya maabara ya shule ninayofundisha baiolojia, nikakuta utumbo wake umejaa minyoo mviringo, myeupe na myembamba kama nyuzi za kushonea. Nilikuwa nimekosea mara mbili: dawa haikuwa ya minyoo, na hata kama ingekuwa ya minyoo, niliipitisha pasipofaa.

Kosa la kwanza hutokana na kudhani kwamba vimelea vya ndani ni kitu kimoja. Metronidazole, ambayo nyumbani kwetu wengi huijua kwa jina la Flagyl kwa sababu tumeimeza kwa ajili ya amiba, huua vimelea vya seli moja, hasa vile vinavyoogelea kwa mijeledi kama vya jamii ya Spironucleus, lakini haiudhuru mnyoo. Praziquantel, iliyovumbuliwa Ujerumani katika miaka ya 1970 na ambayo watoto wa shule zetu humeza kwa ajili ya kichocho, huua minyoo bapa pamoja na tegu, lakini haiondoi minyoo mviringo. Kwa minyoo mviringo kuna fenbendazole, ambayo wafugaji wa mbuzi na ng'ombe wataitambua kwenye rafu za duka la dawa za mifugo. Anayechagua mojawapo bila kujua adui ni nani anamwacha samaki aendelee kuliwa kutoka ndani huku yeye akihesabu siku za dozi.

Safari hii, basi, nilianza na hadubini. Uzi mweupe peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwa sababu samaki aliyekaa siku kadhaa bila kula naye hutoa ute mweupe wa utumbo wake. Nilivuta kinyesi kwa bomba la sindano mara tu kilipomtoka, nikaweka tone lake kwenye kioo pamoja na maji yale yale ya tangi, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi yangevipasua viumbe niliokuwa nikiwatafuta, kisha nikakimbilia maabara kabla sampuli haijapoa. Katika ukuzaji wa mara 400 niliona vijitone vingi vikienda mbio huku na huku, wala sikuona yai la mnyoo hata moja. Hiyo ilikuwa kazi ya metronidazole. Asiye na hadubini anaweza kumpelekea sampuli mbichi daktari wa mifugo au mwalimu wa sayansi aliye karibu. Ni bora kuomba msaada huo kuliko kubahatisha.

Kosa la pili, la kutia dawa majini, linahitaji hesabu ili lieleweke. Ni kweli kwamba samaki wa maji chumvi hunywa maji mfululizo, kwa sababu bahari ina chumvi nyingi kuliko damu yake na humnyonya maji ya mwilini kila saa, na kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba dawa iliyo majini itafika utumboni yenyewe. Tuchukulie kwamba samaki wa gramu 80 anakunywa moja ya kumi ya uzito wake kwa siku, yaani mililita 8. Ikiwa kila lita ya maji ina miligramu 7 za metronidazole, atakuwa amekunywa miligramu 0.056. Dozi inayotumiwa na madaktari wa samaki kwa njia ya chakula ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa samaki kwa siku, kwa siku 5 mfululizo, na kwa samaki wa gramu 80 hiyo ni miligramu 4. Kinachofika tumboni kwa kunywa ni karibu sehemu moja ya 70 ya kinachohitajika. Dawa ya majini ina kazi yake kwenye ngozi na mashavu, na sitaki kuidharau, lakini ugonjwa wa utumbo unafuatwa utumboni.

Nilipokuwa nikifundisha Kwale niliwahi kusaidia siku ya kugawa dawa za kichocho, ambapo kila mtoto alisimama kando ya fimbo yenye alama, na urefu wake ndio uliosema apewe vidonge vingapi. Utaratibu ule umebaki akilini mwangu, na ndio ulionifanya nisitoe dawa kabla ya kumpima kangaja. Niliweka bakuli lenye maji ya tangi juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha mizani kwenye sifuri, kisha nikamtia samaki taratibu kwa chombo badala ya wavu, maana kangaja ana mwiba mkali kando ya mkia ambao hunasa kwenye nyuzi. Alikuwa na gramu 80.

Kiwango kinachopendekezwa cha kuchanganya ni miligramu 10 za metronidazole kwa kila gramu ya chakula, na hapo kidonge kimoja cha miligramu 200 kinatosheleza gramu 20 kamili. Nilikisaga kwenye kinu kidogo mpaka kikawa unga laini usio na chenga, kwa sababu chenga moja ni dozi nzima itakayoangukia kwa bahati mbaya kwenye tonge moja. Nilisaga kamba mbichi pamoja na mwani uliolowekwa, nikayeyusha jelatini isiyo na sukari katika maji moto kidogo, nikasubiri ipoe iwe vuguvugu, nikachanganya vyote pamoja na ule unga na kupima mchanganyiko hadi gramu 20, kisha nikaumwaga kwenye kisahani bapa na kuuweka kwenye friji. Ulipoganda niliukata safu 5 kwa 10, nikapata vipande 50 vya gramu 0.4, kila kimoja kikiwa na miligramu 4: dozi ya siku moja. Jelatini ndiyo siri ya kazi hii. Dawa iliyonyunyiziwa tu juu ya chakula huanza kuoshwa na maji mara inapozama, ilhali iliyogandishwa ndani hubaki humo kwa muda wa kutosha kuliwa, na katika tangi la nyuzi 26 jelatini haiyeyuki.

Siku ya kwanza alikitema. Metronidazole ni chungu sana, na aliyewahi kukiacha kidonge chake kikakaa ulimini anajua jambo hilo. Sikutaka kumshindisha njaa samaki aliyekwisha konda, kwa hiyo nilikikatakata kipande kiwe chembe za ukubwa wa mdomo wake, nikazipakaa maji ya kitunguu saumu na kuzibandika kwenye ukanda wa mwani, chakula anachokipenda kuliko vyote. Alikula. Kitunguu saumu kwangu ni kiungo cha kumvuta mgonjwa; sijakiona kikiua kimelea chochote, na huwa nasikitika kuona watu wakikitegemea peke yake wakati samaki bado ana nguvu za kula dawa yenyewe. Nguvu hizo ndizo kipimo cha muda uliobaki, kwa maana samaki akishagoma kula, mlango huu wa mdomo umefungwa na tiba iliyosalia ni ngumu zaidi.

Kila asubuhi nilimpa dozi kwanza, tumbo likiwa tupu, na baada ya saa mbili nikampa chakula cha kawaida kwa wingi. Alikuwa peke yake kwenye tangi la karantini lisilo na mchanga, na kila jioni nilinyonya kinyesi chote kwa mpira mwembamba, kwa sababu vimelea hivi havihitaji konokono wala kiumbe mwingine wa kati kama zinavyohitaji aina nyingi za tegu na minyoo bapa. Vinarudi moja kwa moja kwa yule atakayekidonoa kinyesi.

Kwa wale ambao hadubini itawaonyesha mayai ya minyoo mviringo, njia ni ile ile, ila fenbendazole huchanganywa kwa miligramu 2.5 kwa gramu ya chakula, ambayo huleta karibu miligramu 25 kwa kilo ya samaki akila kwa siku chakula cha sehemu moja ya mia ya uzito wake, kwa siku 3, kisha hurudiwa baada ya wiki 2 hadi 3 kwa ajili ya minyoo itakayokuwa imeanguliwa. Dawa hiyo isikaribie tangi lenye matumbawe laini au minyoo ya manyoya, kwani huwadhuru. Nawaomba pia wasomaji wenzangu wazipate dawa hizi kwa ushauri wa daktari, na wasimle kamwe samaki aliyetibiwa hivi: metronidazole imekatazwa kwa wanyama wa chakula Marekani na katika Umoja wa Ulaya, na sisi watu wa pwani hatuko mbali na sufuria.

Siku ya nne uzi mweupe ulikatika, na siku ya sita kinyesi kilikuwa cha kijani. Nilirudi maabara na sampuli mpya baada ya wiki moja, kisha tena baada ya wiki tatu, na mara zote mbili kioo kilikuwa kitulivu. Mwezi Aprili nilimtia tena kwenye lile bakuli juu ya mizani. Ilisoma gramu 97, na ile nyama ya juu ya macho ilikuwa imejaa. Amehamia tangi kubwa sasa, anakula mwani kuanzia asubuhi, nami bado humtazama kwa mbele kila ninapompa chakula.