Siku ya oda ya twiga

Mimi kwenye uchoraji niliingia kwa mlango wa uani. Nilimaliza form four, matokeo yakaja ya kuchekesha, nikawa nashinda kijiweni, mjomba wangu akamwambia mama nipe huyo mtoto nikae naye kazini asije akaharibika. Mjomba alikuwa anachora picha za mtindo wa tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Nikajua nafika tu napewa brashi, weee, nikapewa msasa na kopo la kuoshea brashi za wenzangu.

Kwa wasiojua, mtindo wenyewe ulianza huko huko mwaka 1968, na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuwa anachorea kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta za kupakia nyumba, zile zinazong'aa, na wanunuzi wake wengi wazungu waliokuwa wanaishi maeneo hayo. Alichora miaka minne tu, 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania jambazi. Ingeweza kuishia hapo kabisa, ila marehemu alikuwa ameshafundisha ndugu na jamaa zake, akina Mpata, Linda, Tedo, Ajaba, Mandu, hao wakaendelea, wakavuta na wao ndugu zao, hadi 1990 wakawa na ushirika uliosajiliwa. Ndo maana nilipofika mimi kila kijana ukimuuliza anakwambia yeye ni mpwa wa fulani au mdogo wake fulani. Hakuna aliyeomba kazi kwa barua.

Sasa siku hiyo akaja dalali mmoja anataka twiga. Twiga wawili chini ya mti, jua linazama, picha zote hivyo hivyo, rundo zima, na anazitaka ndani ya wiki maana kuna mtu anasafiri nazo. Mtu mmoja haziwezi, rangi ya mafuta haina haraka, leo unapaka ya nyuma, ikauke, kesho ndo unamgusa mnyama. Mjomba akakusanya watu akagawa kazi: huyu akate kitambaa na kugonga fremu (hadibodi wengi walishaiacha, mtalii anataka kitu cha kukunja atie kwenye begi), yule apake machweo, njano na nyekundu zikutane zikiwa bado mbichi, kaka mmoja mwenye mkono mzuri akapewa twiga wenyewe, anashusha kwa brashi bila penseli bila nini, shingo moja hiyo hapo. Sisi wadogo tukaachiwa madoa.

Madoa ya twiga jamani. Unaweka mpaka ukifumba macho unayaona. Lakini ndo nilipojifunzia, maana doa la shingoni siyo la tumboni, ukilikosea ukubwa mnyama anakuwa bapa, na kaka yule akipita nyuma yako anakugonga kichwani na mpini wa brashi hasemi kitu.

Kazi ikaisha, picha zimesimamishwa ukutani, ndo likaja swali la jina. Tuandike la nani? Kaka akasema twiga wangu, andikeni langu. Aliyepaka machweo akamrukia, twiga wako umemtoa wapi wewe, huyo si wa mzee pale? Ikabidi wamfuate mzee mwenyewe, shikamoo mzee, marahaba, eti huyu twiga ni wako? Mzee akavaa miwani akamwangalia muda mrefu, akasema mimi nilimkuta kwa mwenzangu, nikamrefusha miguu tu.

Watu wanapenda kuponda kwamba tingatinga ni kukopiana, mi nawaambia kaeni pale siku moja. Kila mtu anachukua kwa mwenzake na kila mtu anaongeza kake, asiyeongeza ndo anayechekwa.

Mjomba akakata shauri: picha zigawiwe kwa vichwa, kila mtu asaini za kwake, na hela sawa kwa sawa. Kaka alinuna ila akakubali. Nami nikapewa fungu langu nikasaini, mtu aliyeweka madoa tu, na jina letu lilivyo refu herufi za mwisho zikagota kwenye kwato. Nilijisikia msanii mkubwa Dar es Salaam nzima.

Dalali akachukua mzigo wake, akalipa, akaenda zake. Baada ya muda karudi, kashika kikaratasi, anauliza yuko wapi huyu fundi, mteja kasema kampenda sana huyu, anataka zingine lakini ziwe za mkono wake tu. Kwenye kikaratasi kuna jina langu. Kaka akaweka brashi chini akaniangalia, mjomba akageukia ukutani mabega yanatikisika kwa kicheko, mimi nikamwambia dalali njoo wiki ijayo bosi, na jioni ile ile nikaenda kumpigia magoti kaka anifundishe twiga. Akasema sawa, ila nusu ya hela ni yake.